Mitishamba ya kulinda ini la samaki wanaofugwa

Mitishamba ya kulinda ini la samaki wanaofugwa ni mimea, sehemu za mimea au dondoo zake zinazochanganywa kwa kiasi kidogo katika chakula cha samaki ili kulisaidia ini lao kustahimili sumu, mafuta ya ziada na misukosuko mingine ya ufugaji. Inayotajwa zaidi ni manjano, kitunguu saumu, habasoda, mlonge na mbaruti-maziwa. Miongoni mwa samaki waliofanyiwa majaribio kuna sato (*Oreochromis niloticus*), kambale (*Clarias gariepinus*), karpi (*Cyprinus carpio*) na trauti (*Oncorhynchus mykiss*).

Mitishamba hiyo huhesabiwa kuwa viongezo vya chakula, si tiba. Majaribio mengi yameonyesha kwamba baadhi yake hupunguza madhara ya sumu katika ini, lakini hakuna mmea unaogeuza chakula kibovu kuwa kizuri. Visababishi vikuu vya maini mabovu katika mabwawa na vizimba, yaani chakula chenye kuvu, mafuta yaliyochacha na mlo usio na uwiano, huondolewa kwa njia nyingine.

## Ini la samaki na kazi zake

Ini ni moja ya viungo vikubwa zaidi ndani ya tumbo la samaki. Hupokea damu inayotoka utumboni, hivyo karibu kila kitu kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula hupita humo kabla ya kusambaa mwilini. Kwa sababu hiyo ini huwa la kwanza kukutana na virutubishi, na pia la kwanza kukutana na sumu.

Kazi zake kuu ni hizi:

* kuhifadhi sukari katika umbo la glikojeni, pamoja na mafuta;
* kutengeneza protini nyingi za damu;
* kutengeneza nyongo inayosaidia kumeng'enya mafuta;
* kubadilisha sumu na dawa ili ziweze kutolewa mwilini;
* kwa samaki jike, kutengeneza vitellojenini, yaani protini inayopelekwa kwenye mayai na kuwa kiini chake.

Katika sato, karpi na samaki wengine wengi, tishu za kongosho zimetawanyika ndani ya ini badala ya kuwa kiungo cha pekee. Hivyo ini likiharibika, umeng'enyaji wa chakula nao unaweza kuathirika.

Ini lenye afya kwa kawaida huwa na rangi nyekundu-kahawia na uso laini. Ini lililojaa mafuta hupauka au kuwa la manjano, huvimba na kukatika kwa urahisi. Rangi ya kijani inaweza kuonyesha kwamba nyongo haitiririki sawasawa. Hata hivyo rangi peke yake haitoshi kutambua ugonjwa, kwa kuwa hubadilika kulingana na aina ya chakula, umri na hali ya uzazi.

## Mambo yanayoharibu ini

### Sumukuvu

Kuvu za jenasi *Aspergillus*, hasa *Aspergillus flavus* na *Aspergillus parasiticus*, huota katika mahindi, karanga, mbegu za pamba na mazao mengine yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Hutoa sumu zinazoitwa aflatoksini. Iliyo kali zaidi ni aflatoksini B1.

Sumu hii huwa hatari zaidi baada ya kufika katika ini lenyewe. Vimeng'enya vya ini huibadilisha kuwa kemikali inayojishikiza kwenye DNA ya seli. Seli hujitetea kwa kutumia glutathioni, molekuli ndogo inayoikamata kemikali hiyo na kuiwezesha kutolewa mwilini. Glutathioni ikipungua, seli hufa au DNA yake huharibika kwa namna inayoweza kuleta saratani.

Samaki wana nafasi ya pekee katika historia ya ugunduzi wa sumu hiyo. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kutokana na mashudu ya karanga yaliyoagizwa Brazil. Katika kipindi hichohicho, trauti wengi katika vituo vya kuzalishia samaki nchini Marekani walikutwa na saratani ya ini. Chakula chao kilikuwa na mashudu ya mbegu za pamba, na uchunguzi ulibaini kwamba mashudu hayo yalikuwa na aflatoksini. Tangu hapo trauti wametumika kama wanyama wa maabara katika utafiti wa saratani ya ini. Sato wanaistahimili sumu hiyo kuliko trauti, lakini nao hupunguza kasi ya kukua, hudhoofika kinga na kuharibika ini wakiila kwa muda mrefu.

### Mlo usio na uwiano

Chakula chenye wanga au mafuta kupita kiasi huliwekea ini mzigo wa mafuta. Upungufu wa kolini hufanya mafuta hayo yashindwe kusafirishwa kutoka kwenye ini. Upungufu wa vitamini E huacha utando wa seli bila kinga dhidi ya molekuli haribifu za oksijeni.

Mafuta yaliyochacha huongeza tatizo. Mafuta ya dagaa na samaki wengine huchacha upesi yakikutana na hewa na joto, nayo huzalisha kemikali zinazoharibu seli za ini. Unga wa dagaa uliokaa miezi mingi katika ghala lenye joto unaweza kuwa na protini ya kutosha na bado ukawaumiza samaki.

### Sumu za asili za malighafi

Mashudu ya pamba yana gosipoli, kemikali ya manjano inayolinda mmea wa pamba dhidi ya wadudu. Ikizidi katika chakula, hudhuru ini na uzazi wa samaki. Majani ya muhogo mabichi yana kemikali zinazotoa sianidi, na yanahitaji kukaushwa au kutayarishwa kabla ya kutumika.

### Maji, magonjwa na dawa

Bakteria wa kijanibuluu wa jenasi *Microcystis*, wanaofanya maji yawe kama yamemwagiwa rangi ya kijani, hutoa sumu ya mikrosistini. Hii huingia katika seli za ini na kuzuia vimeng'enya muhimu, kiasi kwamba umbo la seli huvunjika. Mfumuko wa bakteria hao hutokea mara kwa mara katika Ziwa Viktoria, hasa katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya, na eneo hilo pia lina vizimba vya sato.

Kuna pia magonjwa yanayoshambulia ini moja kwa moja. Virusi vya TiLV vinavyoshambulia sato vilielezwa kisayansi mwaka 2014 kutokana na vifo vya samaki nchini Israel. Vinaweza kufanya seli za ini ziungane na kufa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuvikuta kwa sato wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania na Uganda. Mitishamba haiui virusi hivyo.

Matumizi mabaya ya antibiotiki, salfati ya shaba na dawa nyingine za bwawani nayo huongeza kazi ya ini, kwa kuwa ndilo linalozibadilisha na kusaidia kuzitoa.

## Jinsi mitishamba inavyofanya kazi

Mimea hutengeneza kemikali nyingi kwa ajili ya kujilinda dhidi ya jua kali, wadudu na kuvu. Baadhi ya kemikali hizo, zikiliwa na mnyama kwa kiasi kinachofaa, huathiri seli za ini kwa njia kadhaa:

1. Kupunguza uharibifu wa oksijeni. Kemikali zenye tabia ya antioksidanti huzima molekuli haribifu au huamsha jeni zinazofanya seli itengeneze vimeng'enya vyake vya ulinzi na glutathioni zaidi. Njia hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu kiasi cha dawa kinachofika katika ini huwa kidogo.
2. Kupunguza uvimbe. Baadhi huzuia mawasiliano ya kikemia yanayoita seli za kinga kwa wingi hadi zikadhuru tishu zenyewe.
3. Kuzuia sumu isiingie katika seli. Silimarini hufunga baadhi ya milango ya protini ambayo sumu fulani hupitia.
4. Kuchochea nyongo na matumizi ya mafuta, hivyo kupunguza mafuta yanayobaki katika ini.

Njia hizi zote husaidia seli ambazo bado zina uhai. Ndiyo maana majaribio mengi huanza kuwalisha samaki mitishamba kabla ya sumu au pamoja nayo. Manufaa hupungua pale mmea unapotolewa baada ya sehemu kubwa ya ini kufa.

## Mimea inayotumika

### Manjano

Manjano (*Curcuma longa*) yana kukurmini, kemikali inayoyapa rangi, kwa takriban asilimia 2 hadi 5 ya uzito wa unga mkavu. Kukurmini huamsha ulinzi wa seli dhidi ya oksijeni haribifu na kupunguza uvimbe. Katika majaribio kwa sato na karpi, imepunguza madhara ya aflatoksini na ya kaboni tetrakloridi, kemikali ambayo wanasayansi huitumia kuharibu ini makusudi.

Udhaifu wake ni kwamba hufyonzwa kidogo sana utumboni. Kwa binadamu, pilipili manga huongeza kiasi kinachobaki katika damu kwa sababu hupunguza kasi ya ini na utumbo kuiondoa kukurmini. Lakini njia hiyohiyo inaweza kuchelewesha kuondolewa kwa sumu na dawa nyingine, kwa hiyo mchanganyiko huo si wa kuongezwa kwa kubahatisha.

### Kitunguu saumu

Kitunguu saumu (*Allium sativum*) kizima hakina alisini, kemikali inayokipa harufu kali. Alisini hutokea pale punje zinapopondwa, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kukutana na kemikali ya aliini. Kitunguu kikichemshwa kabla ya kupondwa, kimeng'enya hicho huharibika na alisini haitokei kwa wingi. Hata ikishatokea, alisini haidumu, bali hugeuka kuwa misombo mingine ya salfa. Misombo hiyo husaidia mwili kutengeneza glutathioni na pia hupunguza baadhi ya bakteria utumboni.

### Habasoda

Habasoda (*Nigella sativa*) hutumika kama mbegu zilizosagwa au mafuta. Kemikali yake inayochunguzwa zaidi ni thimokwinoni. Majaribio mengi ya habasoda kwa sato yamefanywa nchini Misri, nchi inayozalisha sato wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika.

### Mlonge

Majani makavu ya mlonge (*Moringa oleifera*) yana protini karibu robo ya uzito wake, pamoja na vitamini na antioksidanti. Kwa hiyo mlonge hutumika kwa namna mbili tofauti ambazo mara nyingi huchanganywa: kama kiongezo cha gramu chache kwa kilo, na kama malighafi ya protini badala ya sehemu ya soya au dagaa.

Katika matumizi ya pili kuna mpaka. Majani hayo yana tanini, saponini na fitati zinazopunguza umeng'enyaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba majani mabichi yaliyokaushwa yanaweza kuchukua nafasi ya takriban asilimia 10 ya protini katika chakula cha sato bila ukuaji kushuka. Kiasi kilichozidi hapo kilipunguza ukuaji.

### Mbaruti-maziwa

Mbaruti-maziwa (*Silybum marianum*) ni mmea wa miiba wenye asili ya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea. Majani yake yana mabaka meupe kama maziwa. Mbegu zake hutoa silimarini, mchanganyiko wa kemikali ambao kuu miongoni mwake ni silibinini. Huko Ulaya silibinini hutolewa kwa njia ya mshipa kwa watu waliokula uyoga wenye sumu wa *Amanita phalloides*, kwa kuwa huzuia sumu ya uyoga isiingie katika seli za ini.

Kwa samaki, silimarini imejaribiwa hasa kwa karpi na jamaa zake wenye ini la mafuta au lililodhuriwa kwa kemikali. Isichanganywe na mimea mingine ya miiba inayoitwa mbaruti katika Afrika Mashariki, kama *Argemone mexicana*, ambayo ina sumu.

### Mimea mingine

Nchini China hutumika michanganyiko ya mizizi na majani yenye historia ndefu katika tiba ya jadi, kwa mfano mizizi ya jenasi *Bupleurum* na *Astragalus*. Nchini India huchunguzwa *Phyllanthus niruri* na *Andrographis paniculata*. Majani ya mwarobaini (*Azadirachta indica*) hujaribiwa kwa kuongeza kinga, lakini dondoo zake huweza kuwaua samaki zikizidi majini.

## Kuenea kwa matumizi

Hamu ya kutumia mitishamba katika chakula cha mifugo na samaki iliongezeka baada ya nchi kubana matumizi ya antibiotiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kuharakisha ukuaji wa mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006. China, inayozalisha samaki wengi zaidi wa kufugwa duniani, ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2020 na kuacha nafasi kwa viongezo vya mitishamba.

Sababu nyingine ni kubadilika kwa chakula chenyewe. Unga wa samaki umekuwa ghali, na nafasi yake imechukuliwa na soya, mahindi, pumba na mashudu. Mabadiliko hayo yamepunguza gharama, lakini pia yameleta wanga zaidi na hatari zaidi ya sumukuvu. Hivyo ini limekuwa kiungo kinachobeba sehemu ya gharama hiyo.

## Namna ya kupima matokeo

Samaki mwenye ini bovu anaweza kuogelea na kula kwa muda mrefu bila dalili ya nje. Vipimo vinavyotumika ni hivi:

* Uwiano wa ini na mwili. Uzito wa ini hugawanywa kwa uzito wa samaki na kuzidishwa kwa 100. Sato wa gramu 300 mwenye ini la gramu 6 ana uwiano wa asilimia 2. Uwiano ukipanda, huenda ini limejaa mafuta au glikojeni, ingawa kwa jike anayetengeneza mayai kupanda huko ni jambo la kawaida.
* Vimeng'enya katika damu. ALT na AST huvuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Vimeng'enya hivi vipo pia katika viungo vingine, kwa hiyo havithibitishi ugonjwa wa ini peke yake.
* Vipande vya ini chini ya hadubini. Huonyesha matone ya mafuta, seli zilizokufa na uvimbe. Hiki ndicho kipimo chenye ushahidi wa wazi zaidi.
* Dalili za uharibifu wa oksijeni, kama vile kiasi cha glutathioni na cha mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa.
* Ukuaji na vifo, ambavyo ndivyo vinavyomhusu mfugaji moja kwa moja.

Majaribio mengi hudumu kwa wiki 4 hadi 12, katika matangi yenye maji safi na samaki wachache. Katika bwawa, ambako samaki hula pia mimea na wadudu wa asili na maji hubadilika kila siku, tofauti ndogo iliyoonekana maabara inaweza kupotea. Tena, kushuka kwa ALT kwa samaki waliopewa mmea hakumaanishi kwamba watafikia uzito wa kuuzwa mapema.

## Matayarisho na kipimo

Majani hukaushwa kivulini, kwenye hewa inayopita, hadi yavunjike yakifinywa. Jua kali hupunguza baadhi ya vitamini na kemikali, lakini kukausha nusunusu ni kubaya zaidi kwa sababu hualika kuvu. Baada ya hapo husagwa, huchekechwa na kuhifadhiwa katika chombo kikavu kisichopitisha mwanga.

Kiasi kidogo hakisambai vizuri kikimwagwa moja kwa moja katika gunia la chakula. Unga wa mmea huchanganywa kwanza na kilo moja au mbili za pumba laini, kisha mchanganyiko huo na sehemu kubwa zaidi, hadi chakula chote kiishe. Kama chakula ni cha punje zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, unga unaweza kugandishwa juu ya punje kwa mafuta kidogo ya kula au uji mwepesi wa wanga, kisha punje zikaanikwa kivulini. Njia hii hufaa pia kwa sababu mashine za kutengeneza chakula kinachoelea hutumia joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi, ambalo huharibu mafuta yanukayo na misombo kama alisini.

Kipimo hutegemea kama kinachotumika ni unga mzima au dondoo. Tofauti hiyo ni kubwa. Jaribio lililotumia miligramu 100 za kukurmini kwa kilo ya chakula linalingana na takriban gramu 3.3 za unga wa manjano wenye kukurmini asilimia 3. Anayesoma "miligramu 100" na kuweka unga wa kiasi hicho atakuwa ameweka sehemu ndogo mno, na anayefanya kinyume chake kwa dondoo ataizidisha mara 30 na zaidi.

Mfano wa hesabu: samaki 1,000 wenye wastani wa gramu 100 wana jumla ya kilo 100. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao, hula kilo 3 za chakula kwa siku. Kipimo cha gramu 10 za unga kwa kilo ya chakula kitahitaji gramu 30 kwa siku, au kilo 1.8 kwa siku 60 iwapo kiasi cha chakula hakibadiliki.

## Hatari na mipaka

Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Katika Afrika Mashariki utupa (*Tephrosia vogelii*) umetumika tangu zamani kuvulia samaki kwa sumu. Majani yake yana rotenoni, inayozuia seli kutumia oksijeni. Baadhi ya spishi za jenasi *Crotalaria*, jenasi ya marejea, zina alkaloidi zinazoharibu ini lenyewe. Mmea wa *Lantana camara*, unaopandwa kama ua na kuota ovyo malishoni, nao hudhuru ini la mifugo.

Mitishamba pia inaweza kuleta sumu inayotakiwa kuzuiwa. Manjano, tangawizi na pilipili zilizokaushwa vibaya huweza kuwa na aflatoksini. Nchini Bangladesh manjano yamewahi kutiwa kromati ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu kwa samaki na kwa mlaji.

Hatari isiyoonekana upesi ni kuficha tatizo. Samaki anayelishwa chakula chenye sumukuvu pamoja na mmea unaomkinga anaweza kukua vizuri zaidi kuliko asiyekingwa, lakini sumu bado inaingia bwawani na mwilini mwake. Mabaki ya sumu hukusanyika zaidi katika ini na viungo vingine vya ndani kuliko katika minofu, kwa hiyo ini na matumbo ya samaki waliolishwa chakula chenye kuvu hayafai kuliwa wala kusagwa tena kuwa chakula cha mifugo.

## Hali katika Afrika Mashariki

Ufugaji wa samaki katika eneo hili umekua haraka tangu mwanzo wa karne ya 21. Nchini Kenya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulijenga maelfu ya mabwawa. Katika Ziwa Viktoria, vizimba vimeongezeka katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Chakula ndiyo gharama kubwa kuliko zote, mara nyingi zaidi ya nusu ya gharama za uzalishaji. Wafugaji wadogo hujitengenezea chakula kwa pumba za mahindi au mpunga, mashudu ya alizeti au pamba, na dagaa. Hizo ndizo malighafi zilizo katika hatari ya kuvu na kuchacha. Tafiti zilizofanywa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimekuta sumukuvu katika vyakula vya samaki na malighafi zake.

Suala hilo haliwahusu samaki peke yao. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mahindi yanayokataliwa kwa chakula cha watu yanaweza kuishia katika chakula cha wanyama kama hakuna usimamizi.

Mlonge, manjano na kitunguu saumu vinapatikana kwa urahisi katika eneo hili, wakati silimarini ni ya kuagizwa. Hivyo mimea hiyo mitatu ndiyo inayoweza kujaribiwa na mfugaji mdogo kwa gharama ndogo. Jaribio la maana huhitaji vizimba vidogo visivyopungua viwili au vitatu kwa kila chakula, samaki wa ukubwa uleule, na kupimwa uzito na hali ya ini mwanzoni na mwishoni. Bwawa moja lililopewa mmea na kufanya vizuri halithibitishi kitu, kwa kuwa mabwawa mawili hayafanani.

## Njia nyingine za kulinda ini

Hatua zifuatazo hutangulia matumizi ya mmea wowote:

* kukausha mahindi, pumba na mashudu ipasavyo na kuyaweka juu ya vichanja, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu;
* kutupa malighafi yenye kuvu au harufu ya uvundo badala ya kuichanganya na iliyo nzima, kwa sababu kupika hakuondoi aflatoksini;
* kununua dagaa na mafuta kwa kiasi kinachotumika kwa wiki chache;
* kuongeza mchanganyiko wa vitamini na madini wenye kolini, vitamini C na vitamini E;
* kuepuka kulisha kupita kiasi, na kupunguza chakula wakati maji yana upungufu wa oksijeni;
* kutumia antibiotiki kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo tu.

Viwanda vya chakula huongeza pia udongo wa bentoniti au kuta za seli za hamira, ambazo hunasa aflatoksini utumboni kabla haijafyonzwa na kufika katika ini. Njia hiyo hutofautiana na ya mitishamba, ambayo kazi yake kubwa huanza baada ya sumu kuingia, na kwa hiyo mara nyingine hutumika zote mbili pamoja.